Mishumaa minne na ndoo ya Langoni

Kijana wa bara aingia dukani Langoni, mtaa wa Lamu. Bibi mwenye duka, alivyo Mwamu wa kuzaliwa, amkaribisha: "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Kijana ajibu: "Ya lita ngapi?"

Basi, ndicho kichekesho chote. Kwetu ndoo ni njoo, na sauti hiyohiyo kwa mgeni ni chombo cha maji. Watu huniuliza nilikitoa wapi. Bibi nilimtoa mtaani, lakini mbinu niliipata kwa Muingereza, Ronnie Barker, ambaye kwangu ndiye mwalimu wa kila anayeandika vichekesho kisha akaviigiza mwenyewe.

Barker alizaliwa 1929, akafanya kazi ya karani wa benki, kisha mwaka 1948 akajiunga na kikundi cha maigizo huko Aylesbury. Umaarufu aliupata kwenye televisheni ya BBC, alipokuwa na mwenzake mfupi Ronnie Corbett kuanzia 1971. Aliigiza mfungwa mjanja, akaigiza muuza duka bahili mwenye kigugumizi. Ukiwaweka wawili hao bega kwa bega, huamini ni mtu mmoja. Kwetu Kenya mfano ninaoupenda ni marehemu Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa kipindi cha televisheni cha Vitimbi: Mkikuyu aliyeshika lafudhi ya Kijaluo hata wengi wakaapa ni Mjaluo. Mwigizaji wa aina hii hatafuti kuchekesha. Huvaa mtu mzima mzima, na kicheko huja chenyewe.

Sasa njoo kwenye kile kichekesho chao cha mwaka 1976. Mteja, ndiye Barker, aingia duka la vifaa; muuzaji, ndiye Corbett, asikia "four candles", ampa mishumaa minne. Kumbe alitaka "fork handles", mipini ya uma wa shambani. Kwa Muingereza anayemeza herufi, maneno hayo mawili ni sauti moja. Kinachoniua mimi si mchezo wa maneno, maana hata watoto wa chuoni wanaweza huo. Ni uso wa muuzaji. Kila agizo anakosea, kila mara anarudi nyuma ya kaunta, na ghadhabu inampanda taratibu kama maji ya bamvua. Ukiondoa ghadhabu hiyo unabaki na kamusi.

Kiamu kimejaa mitego hii. Kucheka kwetu ni kuteka. Hebu fikiria askari mgeni akute wazee barazani wakijishika mbavu, awaulize mnafanya nini, wamjibu: "Twateka tu, afande." Naye atoe daftari: "Mnamteka nani?"

Lakini jambo la Barker lililonikaa zaidi ni kujificha. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa tayari mwigizaji anayejulikana, alianza kupeleka maandishi yake kwa jina la Gerald Wiley, ili yasipokelewe kwa sababu ya uso wake. Wenzake walibahatisha majina ya waandishi wakubwa. Siku Wiley alipowaalika mkahawa wa Kichina wakamwone, Barker akasimama akasema ni yeye, na mwanzo hawakumwamini. Hata kile cha mishumaa kilitoka kwa jina hilo. Alistaafu karibu na miaka sitini, akafungua duka la vitu vya kale katika mji wa Chipping Norton, akafariki 2005.

Nami nikajaribu. Kikundi chetu mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo nikisoma nilichoandika vijana hucheka hata pasipo cha kuchekwa. Nikaandika kurasa nne za duka la Langoni, nikawaambia zimetoka kwa kijana mmoja wa Faza mwenye haya. Lo! Walizichana. "Huyu bibi anasema sana." "Hii hotuba ya kijana ya nini?" Binti mmoja, ambaye kwangu hajapata kuinua sauti, alichukua kalamu akakata ukurasa wa pili wote, na wa tatu, huku akisonya. Nikatulia nikinywa kahawa yangu. Jioni ile mistari miwili ndiyo iliyosalia: ndoo, na lita ngapi.

Mpaka leo huniuliza yule kijana wa Faza ataleta lini kingine. Wakisoma hapa, yaani, nimekwisha.