PXE: seva inavyosakinishwa mfumo endeshi kupitia mtandao

Kupiga Windows kwenye kompyuta moja ni kazi ya flashi na subira. Seva 40 zilizofungwa kwenye kabati, hazina skrini wala kibodi, na huenda ziko mji mwingine, zinataka njia nyingine. Njia hiyo ni PXE, ambayo mafundi huitamka "piksi": utaratibu unaoiwezesha seva yenye diski tupu kuomba mfumo endeshi kupitia kebo ya mtandao. Intel walitoa toleo la 2.1 la utaratibu huo mwaka 1999, na mpaka leo ni nadra kukuta seva ambayo kadi yake ya mtandao haiujui.

PXE yenyewe haisakinishi chochote. Inaleta faili moja dogo kwenye kumbukumbu ya seva, inaliwasha, basi. Yanayofuata ni ya wengine, na ukishalielewa hilo, kutafuta kosa kunakuwa rahisi: unauliza tu mnyororo umekatikia wapi.

Seva ikiwashwa, kadi ya mtandao hutangaza ombi la anwani ya IP na kujitambulisha kuwa ni "PXEClient". Seva ya DHCP huipa anwani, huielekeza kwenye mashine inayotunza mafaili, na huitajia jina la faili la kuanzia. Faili hilo huvutwa kwa TFTP, itifaki rahisi ya kuhamisha mafaili, kupitia poti 69 ya UDP. Likishawaka, nalo huvuta kerneli (kiini) ya Linux pamoja na initrd, mfumo mdogo wa muda unaokaa kwenye kumbukumbu. Kerneli huamsha programu ya usakinishaji, na programu hiyo husoma faili la majibu. Red Hat huliita kickstart, Debian preseed, Ubuntu Server autoinstall. Humo mmeandikwa kila ambacho mtu angejibu kwa mkono: diski igawanywe vipi, saa za eneo gani, vifurushi vipi, msimamizi ni nani.

Seva hutofautishwa kwa anwani ya MAC, yaani namba ya kadi yake ya mtandao. Kwa mfano, pxelinux (mojawapo ya mafaili ya kuanzia) ikiwa kwenye mashine yenye MAC 52:54:00:1A:2B:3C hutafuta faili liitwalo 01-52-54-00-1a-2b-3c: herufi ndogo, vistari badala ya nukta pacha, na 01 mbele kuonyesha kwamba ni Ethernet. Wengi husahau hiyo 01, wakashangaa mipangilio yao haisomwi. Isipolikuta, hujaribu anwani ya IP kwa tarakimu za heksadesimali (192.168.10.25 huwa C0A80A19), na mwisho kabisa faili la default.

TFTP ina udhaifu wake. Kwa kawaida hutuma baiti 512, ikangoja ithibati, ndipo itume nyingine. Initrd ya MB 100 ni vipande 204,800. Kila safari ya kwenda na kurudi ikichukua milisekunde moja, umekaa zaidi ya dakika tatu kwa faili moja. Ndiyo maana ni bora TFTP ibebe iPXE peke yake, faili la kuanzia linalojua HTTP, kisha iPXE ivute mengine yote kwa HTTP.

Ujumbe wa PXE-E51 maana yake hakuna DHCP iliyojibu. Angalia swichi kwanza: itifaki ya spanning tree, inayozuia mizunguko kwenye mtandao, huweza kuzuia poti kwa sekunde 30 tangu kebo iamke, na kadi ikakata tamaa kabla poti haijafunguka. Washa portfast, mpangilio unaoifungua poti bila kungoja, kwenye poti za seva. Ikiwa DHCP iko VLAN nyingine (mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile), ruta lazima iwe na DHCP relay, yaani ipitishe maombi hayo, kwa sababu tangazo halivuki VLAN. PXE-E32 ni TFTP kutojibu, na mara nyingi chanzo ni fayawoli: ombi huingia poti 69, lakini majibu hutokea poti nyingine ya kubahatisha, kwa hiyo kufungua 69 peke yake hakutoshi. Kukiwa na seva za BIOS (programu ya zamani ya kuwashia mashine) na za UEFI (mrithi wake) pamoja, DHCP isome chaguo namba 93: thamani 0 ni BIOS, ipewe pxelinux.0, thamani 7 ni UEFI ya biti 64, ipewe faili la .efi. Ukizichanganya, faili litashuka vizuri kabisa na halitawaka.

Kosa linaloumiza kuliko yote halitoi ujumbe wowote. Seva iliyopangwa kuanza na mtandao kila mara humaliza kusakinishwa, hujiwasha upya, hukuta maagizo yaleyale, ikajifuta na kuanza tena. Mbaya zaidi ni seva yenye data za watu kuwashwa upya kwenye VLAN hiyo. Kwa hiyo faili la default liiambie seva iwake kutoka diski yake, kamwe lisiwe la kusakinisha. Seva unayoitaka iamuru kupitia IPMI, njia ya kuidhibiti seva kwa mbali: `ipmitool chassis bootdev pxe`, kisha `ipmitool chassis power cycle`. Amri ya bootdev hudumu kwa uwashaji mmoja tu. Na kwenye faili la majibu taja diski kwa namba yake ya kiwandani (serial number), maana iliyoitwa sda leo yaweza kuwa sdb kesho.

PXE haiulizi nenosiri. Aliyechomeka kompyuta kwenye VLAN hiyo anaweza kuvuta faili lako la majibu na kulisoma lote, kwa hiyo nenosiri la msimamizi liwekwe kwa heshi (umbo lililofumbwa), na VLAN ya usakinishaji itengwe na ile ya wafanyakazi.