Je, wajua kwa nini karata iliyofunuliwa mapema kwenye poka huondolewa mezani?

Chukua meza ya kasino hapa Kampala. Wachezaji ni tisa, wote wametimiza miaka 25 inayotakiwa na sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016. Wanacheza Texas Hold'em: kila mtu ana karata mbili mkononi, na tatu ziko wazi katikati. Una kopa mbili, mezani pia kuna mbili, umebakiza moja tu kutimiza kopa tano. Mgawaji anatupa karata ya juu kifudifudi kama ilivyo desturi, kisha anafunua ya nne. Kopa! Papo hapo mtu wa kiti cha nane anasema, "Samahani ndugu, mimi sijacheza bado." Msimamizi anaitwa, na kopa inaondolewa.

Wengi hapo huona wameporwa, na maumivu yao yanaeleweka. Lakini mchezaji wa kiti cha nane angeamua dau lake akiwa ameshaiona karata ambayo hakutakiwa kuiona. Ndiyo maana karata hiyo huondolewa hata kama yeye mwenyewe atajitoa.

Kinachofuata ndicho huwachanganya watu. Kopa ile huwekwa kando na mzunguko wa dau humalizwa. Mgawaji hutupa karata nyingine, kisha hufunua ile ambayo ingekuwa ya tano, nayo ndiyo huwa ya nne. Watu hucheza dau tena. Baada ya hapo kopa hurudishwa kwenye karata zilizobaki, zikachangwa na kukatwa, na ya tano hufunuliwa bila kutupa nyingine. Zilizokwisha kutupwa, na za waliojitoa, haziguswi.

Hebu tuhesabu. Mikononi ziligawiwa 18, mezani zimo nne halali, zilizotupwa ni tatu, na kopa iliyowekwa kando ni moja: jumla 26. Zinabaki 26, na kopa ikirudi zinakuwa 27. Kwa hiyo kopa hiyohiyo ina nafasi moja katika 27 ya kutokea tena. Kwa karata ya nne, awali ulikuwa na kopa tisa katika karata 47 usizozijua, yaani asilimia 19 hivi; sasa ni nane katika 46, asilimia 17 na kidogo. Umepungukiwa na hicho kidogo, si mkono mzima, kwa sababu kopa ile ilikuwa haijawa yako.

Ya tano ikifunuliwa mapema, mambo ni mepesi: hurudishwa, karata zikachangwa, na nyingine ikafunuliwa. Zile tatu za mwanzo nazo hufanyiwa hivyohivyo. Zikitoka nne badala ya tatu, msimamizi hazirudishi kwenye karata zilizobaki. Kwa kanuni za TDA, chama cha waendesha mashindano ya poka kilichoanzishwa mwaka 2001, zote nne hugeuzwa kifudifudi na kuchanganywa. Msimamizi huchagua moja bila kuziona, nayo huwa karata ya kutupwa inayofuata. Tatu zinabaki mezani.

Aliyezoea matatu, ule mchezo wetu wa karata ambamo mkikosea kugawa mnakusanya na kuanza upya, huuliza kwa nini na hapa isiwe hivyo. Huwa hivyo, ila mapema tu. Karata ya kwanza ikienda kiti kisicho chake, au mwenye haki akirukwa, mgao hufutwa. Lakini wachezaji wawili wakishacheza kwa zamu, na angalau mmoja ameweka chipu (vibao vya kuchezea badala ya pesa), au watatu wakicheza kwa namna yoyote, mkono, yaani mchezo wa mgao huo, unaendelea na kosa lake. Dau za lazima za mwanzo hazihesabiwi. Kufuta mgao baada ya hapo ni kumnyang'anya mtu aliyekwisha kuhatarisha pesa yake kihalali.

Uamuzi mkali kuliko yote, kwa maoni yetu, ni wa karata zilizokusanywa kimakosa. Mgawaji akizoa karata zako na kuzichanganya na za waliojitoa, umekwisha, na dau ulilofuata halirudi. Ukiwa wewe ndiwe uliyepandisha na hakuna aliyekufuata, kile ambacho hakikufuatwa unarudishiwa. Viti vilivyo ubavuni mwa mgawaji ndivyo hupatwa zaidi, maana mkono wake unapita hapohapo. Weka chipu moja nzito juu ya karata zako tangu unapozipokea, na uiache hapo mpaka zamu ya kuonyesha. Mkono uliokwisha kuwekwa wazi mezani na ukaonekana umeshinda, mgawaji hana mamlaka ya kuuua.

Ukiona kosa, sema "simama" kwa sauti, usiguse karata yoyote, uombe msimamizi aitwe. Usisubiri uone kama kosa litakufaa. Msimamizi ana ruhusa ya kuweka haki mbele ya herufi ya kanuni, na kasino nyingine zina kanuni zao, basi uliza kabla ya kununua chipu. Na uwahi: mgawaji akishaanza kuchanga karata za mkono unaofuata, haki ya kulalamikia uliopita imekwisha.