Bakteria wanaovunja vilipuzi na visima vya Lubumbashi: ufafanuzi kwa wananchi

Tangu mvua zianze, ofisi yetu imepokea malalamiko mengi kutoka komini za Ruashi, Kampemba na Annexe, ambako wakazi wa jirani na machimbo wanahofia kwamba mabaki ya baruti yameingia katika visima vyao. Hofu hiyo ina msingi, na hatumlaumu aliye nayo. Tunachokataa ni unga wa bakteria unaotembezwa mitaani, ule ule unaouzwa kwa ajili ya mashimo ya vyoo, ambao wauzaji wanadai kwamba ukimwagwa kisimani jioni, asubuhi maji yamekwisha kusafika.

Bakteria wanaovunja vilipuzi wapo kweli. Kilipuzi cha kijeshi kiitwacho RDX ndicho kinachosumbua zaidi, kwa sababu kilipuzi kingine, TNT, hushikamana na udongo, ilhali RDX hufuata maji ya mvua hadi chini. Shirika la mazingira la Marekani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 2 za RDX katika lita moja, kiasi ambacho hakionekani, hakinuki wala hakionjeki. Katika ghala la kijeshi la Umatilla, jimboni Oregon, maji yaliyooshea makombora yalimwagwa katika mabwawa ya wazi kuanzia miaka ya 1950 hadi 1965, yakazama na kuchafua maji ya chini. Kuyavuta na kuyachuja kwa makaa amilifu, yaani makaa yaliyotengenezwa kunasa uchafu, kulianza mwaka 1997, na baadaye wataalamu walijaribu huko huko bakteria aina ya Gordonia KTR9, ambaye ana kimeng'enya cha kuvunja RDX na huitumia kama chakula chake cha nitrojeni.

Njia ya pili haihitaji kuleta bakteria kutoka nje. Wale waliomo ardhini hulishwa sukari, molasi au mafuta ya mimea kupitia visima maalumu. Wanapokula humaliza oksijeni, kisha huanza kuishambulia RDX. Hapa ndipo pagumu kwetu. Baruti inayotumika zaidi machimboni ni nitrati ya amonia iliyochanganywa na mazutu, na nitrati ikiwapo, bakteria huimaliza hiyo kwanza, wakiigeuza gesi ya nitrojeni, kabla ya kuigusa RDX. Isitoshe, oksijeni ikiisha, oksidi za manganizi zilizomo katika miamba huyeyuka, na katika ardhi yenye kobalti kama yetu, kobalti iliyoshikiliwa na oksidi hizo huweza kuachiliwa majini. Mtu anayelisha bakteria bila kupima anaweza kuondoa sumu moja na kufungulia nyingine.

Kwa sababu hiyo, mkazi wa Lubumbashi anapaswa kuwazia nitrati kabla ya RDX. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa kwa maji hayo, kwani nitrati ikizidi, damu yao hushindwa kubeba oksijeni. Tumekwisha kueleza mara nyingi, na tunaeleza tena, kwamba kuchemsha hakuondoi nitrati: maji hupungua sufuriani, nitrati hubaki, na kiwango chake hupanda. Javeli huua vijidudu, haivunji baruti. Maji kuwa maangavu si ushahidi wa lolote. Na kabla ya kuishitaki migodi, mwenye kisima atazame choo chake kiko umbali gani, maana nacho hutoa nitrati ile ile.

Anayetaka kupimiwa maji afike kwanza kuandikisha kisima: avenyu, komini, kina, mwaka kilipochimbwa, na jina la aliyekichimba. Sampuli huchukuliwa na fundi wetu, si na mwenye kisima, baada ya kupampu mpaka joto la maji na uwezo wake wa kupitisha umeme vitulie. Ya vilipuzi huwekwa katika chupa ya kioo cha rangi ya kahawia, kwa sababu mwanga huiharibu TNT, nayo huhifadhiwa kwenye nyuzi 4 na kushughulikiwa maabarani ndani ya siku 7. Ya nitrati haipaswi kupita saa 48. Maji yaletwayo katika bidoni iliyokuwa na mafuta hatuyapokei, hata kama mletaji ametoka mbali.

Kuhusu sheria, tunakumbusha kwamba sheria ya nchi namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu mazingira imeweka kanuni ya mchafuzi kulipa, na inataka mradi unaoweza kuathiri mazingira ufanyiwe uchunguzi wa athari kabla ya kuanza. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu maji inalinda maji ya chini pia. Sheria zote mbili zina adhabu, na hazimhusu mwenye mgodi peke yake: anayemwaga unga asioujua katika kisima kinachotumiwa na majirani naye anawajibika.

Ambaye amekwisha kuumwaga aache kunywa maji hayo, asijaribu kuyasafisha kwa javeli, na aje na mfuko wa unga wenyewe, hata ukiwa mtupu, ili tujue kilichomo kabla ya kuamua la kupima.