Bei ya Kiwanja Si Hesabu ya Mji

Imenifikia tena, safari hii kutoka kwa mtu niliyedhani angekuwa wa mwisho kuisema: kwamba miradi ya serikali ya kuboresha miji hujilipa yenyewe, na kwamba ushahidi ni viwanja vya Mtwara vilivyopanda bei baada ya lami kupita. Mimi ni mthamini wa ardhi, na bei za viwanja ndizo zinazonipa ugali. Pengine ndiyo sababu hoja hii hunikera kuliko inavyowakera watu wa fani nyingine.

Sibishani kuhusu faida zenyewe. Manispaa ya Mtwara-Mikindani iliingizwa katika mradi wa miji ya kimkakati, ule tunaouita TSCP, ulioidhinishiwa mkopo na Benki ya Dunia mwaka 2010, pamoja na Arusha, Mwanza, Tanga, Mbeya, Kigoma-Ujiji na Dodoma. Zikaja barabara za lami, mitaro, taa na stendi. Aliyeishi hapa kabla ya mitaro hahitaji kuhubiriwa.

Tatizo huanza pale watu wanapojumlisha. Kwanza huhesabu nauli iliyopungua, muda uliookolewa na vumbi lililoondoka. Kisha, katika mstari unaofuata, huandika ongezeko la bei ya viwanja kana kwamba ni faida nyingine. Si nyingine. Mnunuzi hulipa zaidi kwa kiwanja cha kando ya lami kwa sababu nauli, muda na vumbi vimepungua, kwa hiyo bei hiyo ni faida zile zile zikiwa zimehamia mkononi mwa mwenye ardhi, na anayeziandika mara mbili ni sawa na mkulima anayehesabu korosho zake zilizoko ghalani, kisha akahesabu na stakabadhi ya ghala hilo hilo. Nimeliona kosa hili hata katika maandishi yenye mhuri.

Kuhama huko kwa faida ndiko kunakostahili kuzungumzwa. Mpangaji aliyepunguziwa nauli na barabara mpya huirudisha nafuu hiyo kwa mwenye nyumba pale mkataba unapohuishwa na kodi ikapanda. Fremu za biashara huongezwa kodi, na kilemba, yaani malipo ya kuingilia anayotozwa mpangaji mpya, huzuka mahali ambapo hakikuwepo. Mama lishe aliyekuwa akipika kando ya njia ya mchanga hana hati wala mkataba, hivyo thamani ikipanda, kwake yeye imepanda gharama.

Halafu kuna thamani iliyohama tu ndani ya mji ule ule. Stendi inapohamishwa, fremu zinazoizunguka hupanda bei, na za kule ilikotoka hushuka. Biashara ni ile ile, abiria ni wale wale, na jumla ya mji inaweza isiongezeke hata kidogo. Mthamini huitwa kwenye upande uliopanda, kwa sababu huko ndiko kuna mauzo, mikopo ya benki na dhamana. Sijawahi kuitwa nikathamini fremu zilizokimbiwa na wateja, na nadhani sitaitwa.

Nikiri pia shaka ambayo vitabu vya uthamini huipita kwa aya moja. Lami ya TSCP ilitukuta katikati ya homa ya gesi. Tangu mwaka 2010 visima vya baharini vilikuwa vikitangazwa kimoja baada ya kingine, wageni wakatafuta nyumba za kupanga, na watu wa Dar es Salaam wakanunua viwanja hapa kabla hawajaviona; kisha zikaja vurugu za mwaka 2013 za kulipinga bomba la gesi, bei ya mafuta duniani ikaanguka mwaka 2014, bomba likakamilika mwaka 2015 likapeleka gesi kaskazini, na bei za viwanja zikapoa huku lami ikiwa bado ipo. Nikiulizwa ni sehemu gani ya kupanda kule ilitokana na barabara, jibu la kweli ni kwamba siwezi kuitenga, na sioni mwenzangu wa fani hii anayeweza kuitenga kwa takwimu za mji mmoja.

Marekani walipata bahati ya kuweza kutenga. Sheria yao ya makazi ya mwaka 1949 iliifanya serikali kuu kugharimia theluthi mbili ya gharama halisi za kubomoa na kuandaa upya maeneo ya mijini, lakini majimbo mengine yalichelewa kupitisha sheria za kuruhusu jambo hilo. Wachumi William Collins na Katharine Shester waliutumia ucheleweshaji huo kulinganisha miji iliyopata fedha nyingi na iliyopata kidogo, na mwaka 2013 wakachapisha matokeo kwamba miji iliyopata fedha nyingi zaidi ilikuwa na thamani kubwa zaidi ya majengo na kipato kikubwa zaidi kufikia mwaka 1980. Matokeo hayo hayanifurahishi, kwa kuwa programu ile ile iliondoa mamia ya maelfu ya familia katika makazi yao, nyingi zikiwa za watu weusi. Lakini kutonifurahisha si sababu ya kuyakataa.

Ila wanaoyanukuu hapa kwetu husahau kwamba kule serikali za mitaa hutoza kodi ya majengo kwa kufuata thamani. Jengo likipanda, sehemu ya ongezeko hurudi katika hazina ya mji. Sisi tangu mwaka 2021 tunalipa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa kiwango kimoja: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, zikapandishwa kuwa 1,500 mwaka 2023. Nyumba isiyo na ghorofa iliyo kando ya lami katika mtaa wa Shangani hapa Mtwara na nyumba iliyo mwisho wa njia ya mchanga hukatwa sawasawa. Kodi ya pango la ardhi hutofautiana, lakini huenda serikali kuu. Na katika nyumba ya kupanga, sheria humtambua mwenye nyumba kuwa ndiye mlipaji wa kodi ya jengo, ilhali anayenunua umeme ni mpangaji, yule yule aliyekwisha kupandishiwa kodi ya chumba kwa sababu ya lami. Anayetaka kuniambia kwamba mradi umejilipa anioneshe kwanza ni katika hesabu ya nani.