Kwa nini meno bandia yanalegea wakati yenyewe hayajabadilika?

Bibi yangu alivyoanza kulalamika kwamba meno yake bandia ya chini yanacheza, mi nilikuwa na uhakika yamepanuka au fundi alikosea vipimo, nikampeleka kwa daktari nikitaka yatengenezwe upya. Daktari akayageuza mkononi akasema haya hayana shida, kilichopungua ni taya.

Wengi tunadhani mfupa ukishakua umekua, kama jiwe. Hapana jamani! Mfupa uko hai, kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa upya, na unajengwa pale unapotumika. Umewahi kuona mkono uliotoka kwenye plasta? Umekonda, hasa misuli, na hata mfupa wake hupungua kidogo, kwa sababu wiki zote hizo haukupewa kazi. Jino nalo kila ukitafuna linauvuta mfupa kupitia nyuzi ndogondogo zinazoshika mzizi, na huo mvuto ndo unaoufanya mfupa ubaki. Jino likishang'olewa mvuto unakatika, na meno bandia hayawezi kuurudisha maana yanakaa juu ya ufizi tu, yanakandamiza, kwa hiyo mfupa unashuka, sana sana mwaka wa kwanza, halafu polepole kwa miaka na miaka. Kiatu ni kilekile, mguu ndo umekonda.

Taya la chini ndo linaumia zaidi, hupungua karibu mara 4 ya la juu, na tena ulimi unayasukuma meno muda wote. Bibi kabla ya kuongea alikuwa anayabana kwanza kwa ulimi, ndo aanze sentensi.

Dawa ya bibi ikawa implanti, yaani skrubu ya titaniamu (aina ya chuma) inayokaa ndani ya mfupa kama mzizi. Mtafiti Brånemark wa Uswidi aliona miaka ya 1950 titaniamu imegandana na mfupa wa sungura mpaka haitoki, na 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza. Haina zile nyuzi na hairudishi mfupa uliokwisha kupotea, ila inapunguza kasi ya kuisha.

Nilidhani pia bibi kazeeka mno kwa implanti. Umri peke yake haumzuii mtu, kinachoangaliwa ni mfupa uliobaki, sukari isiyodhibitiwa, sigara, mionzi iliyopigwa tayani na baadhi ya dawa za mifupa. Eksirei ilionyesha sehemu ya mbele bado ina mfupa, akawekewa implanti mbili tu, akasubiri miezi kadhaa zishike, na sasa meno yanajibana juu yake kama vifungo vya kubonyeza, bibi anaongea moja kwa moja.