Usajili "usio hai" haukuzuii kupiga kura Marekani

Wengi waliopata uraia wa Marekani wanaamini kwamba usajili wa mpigakura ukiandikwa kuwa si hai ("inactive"), jina limeshafutwa na hakuna haja ya kwenda kituoni.

Mara nyingi chanzo cha kuandikwa hivyo ni anwani. Umehama, ofisi ya uchaguzi ikatuma kadi ya kuthibitisha unapoishi, kadi haikujibiwa. Sheria ya shirikisho ya usajili wa wapigakura ya mwaka 1993, inayohusu karibu majimbo yote, hairuhusu ufutwe kwa hilo pekee: jina hubaki daftarini mpaka zipite chaguzi kuu mbili za shirikisho bila wewe kupiga kura wala kujibu. Kabla ya hapo unapiga kura, ila kituoni huenda ukaombwa uthibitishe anwani. Wa kuwa makini zaidi ni wanaopiga kura kwa posta, maana California, kwa mfano, haimtumii karatasi ya kura mwenye usajili usio hai.

Ingia tovuti rasmi ya jimbo lako, weka taarifa unazoombwa, kama jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha usome anwani iliyoandikwa. Irekebishe mapema, baadhi ya majimbo hufunga usajili siku 30 kabla ya uchaguzi. Ukiambiwa kituoni jina halionekani, omba kura ya muda ("provisional ballot"), ambayo huhesabiwa usajili ukishahakikiwa.