Je, wajua kwa nini baya tunaliita "makusudi" na jema tunaliita "bahati"?

Tuseme uko Igombe, kando ya ziwa, nje kidogo ya Mwanza mjini, msimu wa mvua. Tajiri mmoja wa dagaa anataka kufukia mtaro ili lori lake lifike hadi ufukweni. Kijana wake anamwambia, "Bosi, tukifukia hapa, maji yatageukia kwenye vichanja vya yule mama anayeanika dagaa." Tajiri anajibu, "Ya yule mama hayanihusu. Mimi nataka lori lipite." Mtaro unafukiwa. Usiku mvua inashuka, na asubuhi dagaa wa mama wamelowa, wamelegea, wameanza kunuka. Hao hawapelekwi tena soko la Mwaloni kuuzwa kama kitoweo. Ni wa kusagwa kuwa chakula cha kuku.

Aliwaharibu makusudi? Wengi wetu tungejibu bila kufikiri mara mbili: "Makusudi kabisa! Si aliambiwa?"

Sasa geuza upande mmoja tu. Kijana anasema, "Bosi, tukifukia hapa, maji yanayomsumbua yule mama yatapita kwingine." Tajiri anajibu maneno yale yale: ya mama hayamhusu, anataka lori lipite. Mvua inanyesha, vichanja vinabaki vikavu. Je, alimsaidia mama makusudi? Hapo ulimi unasita. "Aa, ni bahati ya mama tu."

Mtu ni yule yule, alijua matokeo, na hakujali. Kwa nini basi neno limebadilika?

Mfano huo nimeusuka kwa kufuata utafiti wa mwanafalsafa wa Marekani, Joshua Knobe, uliotoka mwaka 2003. Aliwafuata watu 78 katika bustani ya umma huko Manhattan, New York, akawasimulia habari za mwenyekiti wa kampuni aliyeanzisha mradi kwa ajili ya faida tu, huku akisema mazingira hayamhusu. Kati ya waliosimuliwa kwamba mazingira yaliharibika, asilimia 82 walisema aliyaharibu makusudi. Kati ya waliosimuliwa kwamba yalinufaika, ni asilimia 23 tu waliosema aliyanufaisha makusudi.

Jambo hili linagusa pazito. Tumezoea kuamini kwamba hukumu ina mpangilio: kwanza ujue mtu alikusudia nini, kisha ndipo umlaumu au umsamehe. Majibu yale yanaonyesha kwamba ubaya wenyewe wa jambo huwa umeshaingia katika jibu la swali la kwanza.

Wapo wanaosema ni suala la lugha tu. "Sikukusudia" ni neno la kuombea radhi, kwa hiyo ukisema tajiri hakukusudia, ni kama umeanza kumtetea. Hoja hiyo ina uzito, lakini mimi naona maelezo ya mwanafalsafa Richard Holton, aliyoyatoa mwaka 2010, yanafika mbali zaidi. Anasema kanuni, kama ile ya kutomdhuru mwenzako, hazivunjwi na kufuatwa kwa namna moja. Ukijua unaivunja na ukaendelea, umeivunja makusudi, basi. Lakini unaweza kuifuata bila hata kuiwaza, njia yako ikiwa tu imepita hapo hapo. Tajiri wa kisa cha pili hakuvunja kitu, wala hakumfuata mama kwa wema. Alipita njia yake.

Hata watoto wa miaka minne na mitano wanahukumu hivyo. Katika utafiti wa mwaka 2006 walisimuliwa habari za Andy, anayempeleka chura nyumbani kwa Jane akijua kitakachotokea na wala hajali. Jane akiudhika, watoto husema Andy alikusudia kumuudhi. Jane akifurahi, wengi husema hakukusudia kumfurahisha.

Sasa nenda mahakamani. Kwa Kiswahili, neno hilo hilo la mtaani ndilo lililobeba jina la kosa: mauaji ya kukusudia, au kuua bila kukusudia. Nchini Tanzania la kwanza adhabu yake ni kunyongwa, la pili linamwachia jaji nafasi ya kupima. Na sheria yetu haidai kwamba muuaji awe alitamani kifo. Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa ni dhamira ovu hata pale mtu alipojua kuwa kitendo chake kina uwezekano mkubwa wa kuua, akaendelea bila kujali. "Hayanihusu" ya tajiri, penye kifo, haimwokoi mtu.

Hapo sheria na watu wa bustanini wanakubaliana. Kinachonitia wasiwasi ni kwingine. Mwaka 2017 watafiti Markus Kneer na Sacha Bourgeois-Gironde walichapisha majibu ya majaji wa Ufaransa, watu ambao kazi yao ni kupima nia. Nao pia, madhara yalipokuwa makubwa zaidi, walielekea zaidi kusema mhusika alikusudia, ingawa alichokijua na alichokitaka kilikuwa kile kile.